Mgeni Asiyesema

Daktari alishashika kalamu amwongezee Malkia dozi ya dawa za akili, maana leo tena alikuja na hadithi ya mgeni aliyehamia kwenye titi lake.

"Ni yale yale yake, daktari," dada yake alisema, kama alivyozoea kumjibia.

Malkia akamgeukia taratibu. "Dada, wageni wangu wa kichwani wanapiga kelele kutwa kucha. Huyu hasemi kitu. Anakua tu."

Dada mtu akaidaka kalamu mkononi mwa daktari. "Usiandike kwanza. Mpapase."

"Mama, mgonjwa kama huyu..."

"Nimesema mpapase!"

Daktari akanawa mikono shingo upande, akavuta pazia. Vidole vikazunguka, vikarudi, vikaganda mahali pamoja. Uchovu wote ukamtoka usoni.

"Kipo kivimbe," alisema. "Kidogo kama dengu. Tutakipima leo leo, na hata kikiwa saratani, mmekiwahi."

Dada mtu akajiziba mdomo kwa kiganja. Malkia, kifua wazi, alicheka mpaka kitanda kikalia.

"Mmesikia huko juu?" aliwauliza wageni wake, akijigonga utosini. "Leo nimesikilizwa mimi!"