Samaki wa Malkia

Kwa ncha ya kidole kimoja, Tom aliisukuma sahani hadi ukingoni mwa meza, kana kwamba ingemng'ata.

"Hii mifupa ndiyo chakula?"

Ulikuwa mgongo wazi: uti wa samaki aina ya mbuta na kichwa chake, yale yanayobaki kiwandani minofu ikishakatwa. Mama yake, Dorca, alikuwa ameukaanga, akautia nyanya na dania, kwa sababu kabla ya kwenda kusoma Vienna, Tom alikuwa akigombania hadi macho ya samaki. Hiyo ilikuwa miezi minane tu iliyopita.

"Kule mifupa hupewa paka," Tom alisema. "Na paka wenyewe huinusa kwanza."

Sebule ile ya mtaa wa Nyalenda, Kisumu, ilikuwa imejaa jamaa na majirani. Mzee Okello, ndugu wa marehemu baba yake Tom, alikuwa amevaa suti. Binamu yake Lorine alikuwa amefika asubuhi kutoka chuoni Maseno. Jumapili Tom alipangiwa kusimama kanisani awaeleze vijana habari za Ulaya, kwa hiyo leo alikuwa anajipasha moto.

Akawasimulia. Nyama iliyopondwa hadi ikawa pana kuliko sahani, ikavalishwa chenga za mkate na kukaangwa. Keki ya chokoleti usiyoitafuna. Inayeyuka yenyewe kwa heshima. Kahawa inayoletwa na mhudumu mwenye tai, pamoja na glasi ya maji juu ya sinia. Kanisa lenye paa la vigae vya rangi, kama mkeka. Farasi wa kuvuta watalii, waliovishwa kofia za masikio.

"Wale farasi wana adabu kushinda diwani wenu," alisema.

"Na ziwa liko?" aliuliza Mzee Okello.

"Ziwa la nini, Mzee? Kuna mto Danube. Hauna gugu maji, hauna harufu."

"Sasa wewe, kila siku ulikuwa unakula nini?" Lorine akadakia.

"Mkate," Tom alijibu haraka, kisha akakohoa. "Lakini mkate wao si kama huu wenu."

Kicheko kidogo kilipita. Tom akaona heri amalize kazi. Akafungua begi, akatoa koti zito la baridi. Ndani ya koti mlikuwa na magazeti, na ndani ya magazeti pakiti ambayo bado ilikuwa baridi. Minofu mieupe, haina ngozi, haina mwiba.

"Nimemletea mama naye aonje samaki kabla hajafa. *Viktoriabarsch*," alitamka, akikwaruza koo. "Viktoria ni jina la malkia. Huyu ni samaki wa malkia. Huku hamjawahi kumwona."

Dorca alikuwa akifuta mikono kwenye leso.

Lorine aliichukua pakiti, akaigeuza, akaisogeza karibu na macho. Mgongoni mlikuwa na maandishi madogo kama chawa. Akayasoma kimya. Kisha akayasoma kwa sauti.

"Imekatwa na kufungwa Kisumu, Kenya."

Mzee Okello ndiye aliyeanza. Alicheka hadi akalegeza tai.

"Kumbe Vienna iko hapa tu! Hiyo miezi minane ulikuwa umejificha wapi, Kondele?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Tom akatoa simu, akawaonyesha picha.

"Picha?" Mzee Okello alipangusa machozi. "Siku hizi simu inaweza kunipiga picha mimi nikiwa mwezini. Wacha nimwambie pasta atafute mtu mwingine wa Jumapili."

Tom akamgeukia mama yake. Dorca alikuwa mkataji wa minofu kiwandani kwa miaka kumi na mmoja. Yeye mwenyewe ndiye aliyewahi kumwambia kwamba pakiti za namna ile haziuzwi duka lolote mjini. Zinatoka kwenye barafu moja kwa moja hadi kwenye ndege, na wafanyakazi hupekuliwa langoni wasitoke na hata kipande. Neno lake moja tu lingetosha.

"Mama, waambie. Wewe unajua hii haiuzwi hapa."

Watu wakageuka kumtazama. Dorca akaitupia jicho sahani ya mifupa pale ukingoni, akaipokea pakiti, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa mnofu, polepole, kama fundi anayekagua mshono wake.

"Hii?" alisema. "Hii hata pale sokoni Kibuye iko."

Akainuka kwenda jikoni kuikaanga, huku nyuma yake watu wakigongana mabega kwa kicheko. Alipompita mwanawe, akainama sikioni mwake.

"Asante kwa kuibeba kutoka mbali hivyo, nyathina, mwanangu," alinong'ona. "Miaka kumi na mmoja naikata, na sijawahi kuionja."