Sampuli ya Alfajiri

"Usiniambie ni nini. Niambie unaona nini," Joachim alisema, amejilaza kwenye benchi.

Recho alifumba jicho la kushoto, akainama tena kwenye hadubini. Ilikuwa ya zamani, yenye kioo chini, na ilibidi iwekwe dirishani ipate jua. Tangu mto ufurike, umeme ulikuwa haujarudi Mbuchi.

Mtihani wa bakteria ulikuwa umeshamwangusha mara mbili. Mara ya tatu ni kudisko, afungashe virago arudi kwao Namtumbo. Kilichobaki ni mwezi huu mmoja wa mafunzo ya vitendo chini ya Joachim, ofisa mifugo wa kata. Na Joachim hakuwahi kumwita mzito wa kichwa kama walimu wa chuoni. Aliuliza, akasubiri, akauliza tena.

"Vijiti," Recho alisema. "Vimeungana kama mnyororo. Ncha zake zimekatwa bapa."

"Vingi?"

"Vingi mno, Dokta. Kila ninaposogeza, vipo."

"Kingine?"

"Kila kijiti kimezungukwa na utando wa rangi ya waridi. Hiyo ni kapsuli." Alirekebisha lenzi. "Ila chembe nyekundu za damu naziona kubwa kuliko za wale ng'ombe wa wiki iliyopita."

"Umeona vizuri. Endelea."

Wiki iliyopita ng'ombe wa Maneno, mfugaji aliyehamia ng'ambo ya mashamba ya mpunga, walianza kuanguka mmoja mmoja, damu nyeusi isiyoganda ikiwatoka puani. Joachim na Recho walipofika walikuta watu wameshaanza kuchuna. Joachim alijitosa katikati yao, akawanyang'anya visu kwa mikono mitupu, kisha akasimama juu ya mzoga akifoka mpaka ukafukiwa. Hakuna aliyeonja ile nyama. Penisilini yote ya stoo ilikwenda kwa ng'ombe waliobaki. Alichoma sindano mpaka chupa ya mwisho.

Siku ya nne malaria ikamshika, au ndivyo alivyosema, na tangu hapo hakuvua koti, joto lote lile. Leo Recho alipofika ofisini alimkuta benchini. Juu ya meza palikuwa na kioo kimoja kilichopakwa damu, kimeshakauka.

"Nimeitoa mwenyewe alfajiri," alimwambia. "Itie rangi, uangalie."

"Bado yu hai?"

"Bado."

Recho alimwonea huruma Maneno. Ng'ombe mwingine tena.

"Kapsuli inamfaa nini bakteria?" Joachim aliuliza sasa.

"Inamficha. Chembe nyeupe zinazolinda mwili zinashindwa kummeza."

"Akimwagika nje, kwenye udongo?"

"Anajifungia ndani ya spora. Gamba gumu, jua haliliwezi, maji hayaliwezi. Anakaa humo miaka na miaka akisubiri."

"Kwa hiyo huyu akifa?"

"Asipasuliwe. Shimo lenye kina cha mita mbili, chokaa juu na chini. Na mtu asimguse."

"Hata wenyewe?"

"Hata wakilia, Dokta. Wasimguse."

Joachim alitazama dari. Jasho lilimchuruzika shingoni na mkono wake wa kushoto ulikuwa umezama mfukoni mwa koti. Nje, maji yalikuwa yamefika kwenye ngazi ya pili ya ghala la mpunga. Boti ya Kibiti ilisemekana itakuja kesho, kama ilivyosemekana jana.

"Penisilini inafanya kazi gani?"

"Inaharibu ukuta wa seli. Bakteria akitaka kugawanyika, ukuta haujengeki, anapasuka."

"Tungekuwa nayo hapa, leo hii?"

Recho aliinua uso. Swali hilo ndilo lililomwangusha mara zote mbili. Aliandika kwamba dawa ingeponya, kwa sababu alitamani iponye. Safari hii aliinama akatazama tena ile minyororo ya vijiti, kisha akajibu polepole.

"Isingesaidia. Wakishajaa hivi kwenye damu, sumu imeshamwagika. Dawa inaua bakteria, sumu inabaki inafanya kazi yake. Hata boti ikija sasa hivi na shehena ya dawa, huyu hafiki jioni."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika, Dokta."

"Hubabaiki?"

"Sibabaiki."

Joachim alivuta pumzi, ikatoka kwa shida. "Basi umefaulu," alisema. "Wakikuuliza tena chuoni, jibu hivyo hivyo. Usiogope macho ya mtu."

Recho alicheka peke yake kama mtoto. Miezi kadhaa alikuwa hajacheka hivyo. Alitamani simu zingekuwa hewani ampigie mama yake. Alivua glavu, akanawa kwa sabuni, akavuta fomu ya sampuli na kuanza kuijaza kwa mwandiko wake mzuri. Mahali: Mbuchi. Ugonjwa: kimeta. Hali: hatarajiwi kupona.

"Jinsia, Dokta?"

"Dume."

"Umri?"

Joachim alijaribu kujigeuza, akashindwa, akabaki ameukumbatia ule mkono wa kushoto.

"Miaka hamsini na mbili," alisema. "Na hapo pa mwenye mnyama, mwanangu, andika namba ya mke wangu."