Pumzi za Raya

Mwanakombo aliingia ofisini kwa meneja wa kiwanda cha matofali akiwa amembeba bintiye Raya, ambaye hajatimiza hata mwaka. Asubuhi hiyo daktari alikuwa amemwambia kwamba moshi wa matanuri unayaharibu mapafu ya mtoto, na kwamba ni bora wahame. Wahamie wapi?

"Mama, tulishakueleza," alisema meneja, Bwana Shebuge, macho yakiwa kwenye simu. "Moshi unapanda juu. Huko kwenu haufiki."

"Haya, msikilize mwenyewe."

Akamtupia mtoto kifuani. Bwana Shebuge alimdaka kwa hofu asije akaanguka. Raya akalaza kichwa begani kwake, akikoroma kwa tabu, na mbavu zikabonyea kila alipovuta hewa.

"Yuko hivi tangu lini?"

"Tangu azaliwe! Si kila nikija hapa nawaambia hayo hayo, mnanifukuza?"

 Raya alipoanza kukohoa, Bwana Shebuge alisimama naye haraka akaenda dirishani ili apate hewa. Alishika komeo, akachungulia nje, akauona moshi wa matanuri umetanda, na mkono wake ukabaki pale pale.