Njia ya Bibi Kobe

Wanyama wa mlimani walikuwa na desturi yao. Wakichonga njia kwa msaragambo, kila mmoja akifanya kazi kwa nguvu alizonazo, njia haifunguliwi mpaka Bibi Kobe aipite mwanzo hadi mwisho. Akikwama, majembe yanarudi kazini.

Mwaka wa ukame walichonga njia ya kwenda kwenye chemchemi ya juu. Mbuzi-mawe, bingwa wa kuruka majabali, akaimaliza kwa miruko michache. "Imekwisha hii. Twendeni tukanywe!"

Bibi Kobe naye akapanda, akakwama. "Jiwe hili limenishinda, wanangu."

"Yaani tufe kiu kwa ajili ya kobe mmoja?" Mbuzi-mawe akafoka.

Pimbi, msimamizi wa kazi, hakubishana naye. "Shikeni majembe," akasema.

Mbuzi-mawe akaondoka kwa hasira, akirukaruka majabalini. Jiwe moja likang'oka, akaanguka, akavunjika mguu.

Kiu ilipombana, hakuweza tena kuruka. Akachechemea kwenye ile njia, taratibu, nyuma ya Bibi Kobe, na hakukuta jiwe hata moja la kumshinda. Akanywa mpaka kiu ikakatika.

Mguu ulipopona, wanyama walikuwa wakichonga njia nyingine, ya kwenda malishoni. Jua lilikuwa kali, na Pimbi mwenyewe akachoka. "Jamani, leo inatosha," akasema. "Tuifungue tu."

Mbuzi-mawe akasimama katikati ya njia, akawazuia wote.

"Bibi Kobe ameshapita?"