Chungwa la Nesi

"Hili ni jeraha la kisu. Lete kwanza karatasi ya polisi, ndipo nikushone," nesi alisema.

Mwavita aliibana khanga iliyolowa damu kwenye mkono wake wa kulia. Mteja aliyemchana alikuwa ameshakwenda zake. Polisi wangemwuliza kibali cha kuishi nchini, kisha wangemwuliza kazi yake, na kesho angerudishwa mpakani.

"Nimejikata mwenyewe, nesi. Nilikuwa namenya ndizi."

"Kitendawili hicho, dada. Kisu umekishika kwa mkono wa kulia, kikaukata huohuo wa kulia. Hebu nitegulie."

"Mimi natumia shoto."

Nesi akamtazama. Akafungua mkoba wake, akatoa chungwa na kisu kidogo. "Basi nimenyee. Tangu asubuhi sijatia kitu tumboni."

Mwavita akakishika kisu kwa mkono wa kushoto. Ganda la kwanza likatoka nene, pamoja na nyama yake. La pili likakatika.

"Shoto tangu lini?" nesi aliuliza taratibu.

Mwavita akaendelea kumenya. Mkono wa nesi ulikuwa umetulia mezani, kati ya sindano ya kushonea na simu.