Begi la Viatu vya Theluji

Zipu iligoma tena. Chigusa alivitoa viatu vya kutelezea theluji kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, akavigeuza visigino juu, akavirudisha. Wapi. Begi lilikuwa limevimba kama shavu la mgonjwa wa jino.

Ukumbini mizigo mingine ilikuwa tayari: mfuko mrefu wa mbao za kutelezea, zile ndefu na zile fupi za binti yake, Nao, na sanduku la makoti mazito. Saa tano gari la mizigo lingepita kuichukua na kuitanguliza hadi Zao, milimani, kwenye nyumba ya wageni. Kesho yake wao wangepanda treni mikono mitupu. Ndivyo alivyoagiza Masanori, mumewe. Yeye angewafuata Jumamosi akitoka kazini. Kwa siku hizo mbili, mama yake ndiye angekuwa macho yake.

"Na hilo la viatu, mbona hulileti?" Mama mkwe, Bi Fusae, alikuwa amesimama mlangoni.

"Hili nitalibeba mwenyewe, Mama."

"Kilo zote hizo? Na mtoto mkononi?"

"Mwaka jana tulivituma, vikafika vimebonyea."

"Vilifika vizima. Nilivifungua mimi, nikavifuta mimi."

Chigusa alirudi kuivuta zipu. Hakuwa na uongo mwingine karibu.

Chini ya viatu, ndani ya taulo, mlikuwa na muhuri wake wa jina wa kutilia sahihi, kijitabu cha kliniki cha Nao, magauni mawili mepesi ya mtoto, na picha tatu za mkono wake mwenyewe, jinsi Masanori alivyouacha mwezi wa kumi. Kesho, kwenye stesheni ya Sendai, angesema anampeleka Nao msalani. Badala ya msalani, wangepanda treni ya uwanja wa ndege. Jioni wangekuwa Naha, ambako theluji haijulikani, kwa Ritsu, rafiki aliyesoma naye.

Mkoba wake wa mkononi Masanori aliupekua kila jioni. Mfuko wa mgongoni wa Nao usingefaa. Mtoto wa miaka sita hana siri. Limebaki hili. Nalo likipanda lile gari, litafika Zao peke yake, na atakayelifungua ni Masanori.

Simu ya Bi Fusae ikalia. Aliiweka kwenye spika, kama alivyoamriwa na mwanawe siku zote.

"Mizigo imekamilika?"

"Limebaki begi la viatu. Mkeo anataka kulibeba."

Kisha Masanori akasema polepole, "Lifungue, Mama. Toa kimoja kimoja. Nasubiri."

Bi Fusae alipiga magoti kwenye mkeka. Magoti yake yalilia. Akatoa kiatu cha kushoto, akatoa cha kulia, akavuta taulo. Chigusa aliegemea ukuta.

"Bibi, unatafuta nini?" Nao aliuliza kutoka chumba cha pili. Alikuwa amevaa miwani ya theluji tangu alipoamka.

Bibi alilifungua taulo. Alikunjua magauni, akayakunja. Aliutazama muhuri. Picha alizishika muda mrefu kuliko vyote, akizisogeza mbali na macho, kama anayesoma bila miwani.

"Mama? Kuna nini humo?" Masanori aliuliza simuni.

"Mama, nakuomba," Chigusa alisema kwa midomo tu, bila sauti.

Bi Fusae alikohoa. "Soksi," alisema. "Soksi na glavu. Mkeo huyu hajui kupanga, ndiyo maana zipu inamshinda."

"Vitumwe vyote."

"Nimesikia."

Simu ikakatika. Chigusa alisubiri. Alisubiri tusi, alisubiri simu ipigwe upya. Alichosikia ni kengele ya mlango. Gari la mizigo lilikuwa limewahi.

Bi Fusae akainuka, akavirudisha viatu begini, akalibeba begi kifuani. Chigusa aliidaka kamba yake kwa mikono miwili.

"Mama, usilitoe. Nipige wewe, mwambie chochote, lakini usilitoe hilo! Nitakufa humu ndani."

"Achia, Chigusa."

"Mama!"

"Achia, mtoto asije akaogopa."

Akaachia. Akaketi sakafuni, akafumba macho, akasikia kwa mbali mchukua mizigo akihesabu, moja, mbili, tatu, akishukuru, akifunga mlango wa gari. Nao alikuja kumgusa shavu. "Mama, unalia kwa sababu ya viatu?"

Gari likaondoka. Chigusa alifumbua macho. Taulo lilikuwa bado pale mkekani, na vitu vyote juu yake. Vilivyoondoka ni viatu tu.

Bi Fusae alirudi, lakini hakusimama. Alipita hadi chumbani kwake, na kabati likasikika likifunguliwa. Alitoka akikokota sanduku dogo la kijivu, akalisukuma mbele ya mkwewe.

"Vyako tia humu. Nafasi ipo."

Chigusa alilifungua. Mlikuwa na magauni ya pamba, kandambili mpya, picha ya wazazi wa Bi Fusae, na dawa za presha za miezi sita. Nguo ya theluji haikuwamo hata moja.

"Baba yake Masanori nilimvumilia miaka thelathini na moja," alisema Bi Fusae, akimfunga Nao vifungo vya koti. "Huyu, minane. Treni yako inatoka saa ngapi? Tunaondoka leo, maana mimi kesho siisubiri."