Uzi wa Chini

Kitwana na Shamte walipovunja ushirika wao wa kuunda cherehani, Kitwana alibaki na vyuma vikubwa, Shamte akaondoka na bobini zote, zile zinazobeba uzi wa chini.

Leo Mwanahawa, mke wa Kitwana na dada wa Shamte, alirudi kutoka msibani kwa Shamte.

"Wameshamzika. Hukuja."

"Na bobini?"

"Alishaziyeyusha zote, zisije zikakufaa."

Kitwana aliivuta cherehani yao ya kwanza. Zamani kila cherehani mpya waliijaribu wawili: Shamte akishika kitambaa, yeye akizungusha mpini.

"Nishikie."

Mwanahawa alishika. Sindano ilitoboa hadi mwisho, lakini bila uzi wa chini, ule wa juu ulichomoka wote. Kitwana akakiinua kitambaa dirishani. Mwanga ukapenya kwenye matundu.

"Zungusha tena," alisema Mwanahawa, mikono yake ikingoja chini ya sindano, mahali pa bobini.